Robo Saa ya Kupasha

Siku ambayo kiwanda kizima cha magodoro kilikula maharage yenye sukari, watu watatu waliomba kuongezewa. Wengine wote walisukuma sahani mbele na kutazamana. Meneja alionja kijiko kimoja, akafuta mdomo kwa leso, akainuka na kuelekea jikoni, na kila aliyemwona akajua kwamba leo kuna mtu atamwaga unga.

Alimkuta mpishi mkuu amelala nyuma ya magunia ya mchele, juu ya godoro moja lililoharibika mashineni, kitambaa cha kushikia sufuria kimemfunika macho. Msaidizi wake, msichana mwembamba aliyeitwa Kijiko kwa sababu hakuwahi kupita karibu na chakula bila kukionja, alikuwa akimpepea kwa mfuniko.

“Mama, umetia nini kwenye maharage?” meneja akauliza.

“Usiseme kwa sauti, bosi,” mpishi akanong'ona bila kuondoa kitambaa. “Nakuomba. Kila neno lako linanipiga msumari hapa.” Akagusa upande wa kushoto wa paji la uso.

“Kwa hiyo tatizo ni kichwa.”

“Kichwa, bosi.”

“Kila mtu ana kichwa, mama.”

Kijiko akacheka, kisha akajitia kukohoa.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu ametoka semina, na mtu aliyetoka semina huwa mgumu kuishi naye kwa mwezi mzima. Huko alifundishwa kwamba wafanyakazi wanaokimbia asubuhi hawaugui, hawachoki na hawagombani. Aliporudi akamleta mwalimu wa mazoezi mwenye filimbi shingoni, akaamuru kwamba kila asubuhi kabla ya kazi watu wote, kuanzia ofisini mpaka jikoni, wazunguke uwanja wa kupakilia magodoro. Wengi walinung'unika siku mbili tatu, wakazoea. Mpishi peke yake ndiye aliyeanguka. Alikuwa akimaliza mizunguko yake vizuri tu, anaingia jikoni, anafunga aproni, na hapo vinyota vinaanza kumchezea pembeni mwa jicho. Vinyota vikishapita, nusu ya kichwa inaanza kugonga, tumbo linachafuka, na mwanga wa dirishani unamchoma machoni. Katika hali hiyo, kopo la sukari na kopo la chumvi yanafanana sana.

“Sikiliza, mama,” meneja akasema, safari hii kwa sauti ya chini. “Wiki ijayo mkurugenzi anakuja na wageni. Watatuona tukikimbia, halafu watakula hapa. Ukikimbia na ukapika, jiko ni lako. Ukishindwa kimoja, jiko nampa huyu binti, wewe nakupeleka kufunga magodoro nailoni. Kule unakaa kwenye stuli. Kichwa chako kitapumzika.”

Alisema hivyo kwa huruma kabisa, na ndiyo maana iliuma zaidi. Mpishi alikuwa amelikuta jiko lile likiwa kibanda cha moshi na sufuria mbili zilizotoboka, akaligeuza kuwa mahali ambapo watu walikuja kuchungulia tangu asubuhi kuuliza leo kuna nini. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa hata kuwasha moto wake. Kiberiti alikiweka mfukoni mwa aproni, na wakati wa mazoezi alikuwa akitangulia kuwasha majiko kwanza, kisha anakimbilia uwanjani akiwa amechelewa, wenzake wameshaanza kuzunguka. Kijiko alikuwa amelimezea mate jiko hilo siku nyingi, na hakujua kuficha.

“Pole, mama,” Kijiko akasema meneja alipotoka, akaendelea kumpepea, jicho lake likiwa kwenye sufuria kubwa.

*

Mume wa mpishi alikuwa fundi cherehani, na kazi yake aliifanyia barazani mwa nyumba yao ya vyumba viwili. Watu walimwita Futi, kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata akienda kuoga. Watoto wao walikuwa shule ya bweni, na chumba chao kilikaliwa na dada yake Futi, ambaye alikuja kuwasalimia wakati wa mvua akasahau kuondoka.

Futi alimwona mkewe kwa mbali akirudi mapema, mkono mmoja ukitambaa ukutani. Aliacha shati la mteja kwenye cherehani, akaingia ndani, akatundika kitambaa cheusi cha suruali dirishani, akaweka ndoo karibu na kitanda na kitambaa chenye maji baridi kwenye sahani. Kisha akatoka tena barazani, akachukua sindano na uzi, akaanza kushona shati lile kwa mkono. Kelele za cherehani zilimtesa mkewe, kwa hiyo kichwa kilipokuja, cherehani ilinyamaza. Wateja walilalamika. Kuna mmoja aliyepata suruali yake siku mbili baada ya sherehe aliyoishonea.

“Fundi, hii mashine yako imekufa?” mtu alimwuliza kutoka barabarani.

“Imelala,” Futi akajibu. “Punguza sauti.”

Kesho yake mpishi alikwenda zahanati. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye foleni ndefu mlangoni, na mambo haya mawili yalikuwa hayapatani. Alimsikiliza, akamwangalia macho, akampima presha, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Presha yako nzuri. Hiki ni kipandauso, mama. Wengine kinaamshwa na njaa, wengine na harufu. Chako kinaamshwa na mwili kukurupushwa. Mazoezi usiache, yanakufaa. Ila kabla ya kukimbia, pasha mwili moto kwanza. Taratibu, robo saa. Ule kidogo, na maji unywe.”

Sasa, huyu alikuwa mpishi. Maisha yake yote neno kupasha lilikuwa na maana moja, na alilifanya kila siku: wali wa jana, mchuzi wa mchana, maziwa ya chai. Kwa hiyo akauliza swali ambalo mpishi yeyote mzuri angeuliza.

“Moto kabisa, daktari, au vuguvugu?”

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika jina la mgonjwa anayefuata. “Mpaka jasho lianze kuchuruzika,” akasema. “Mwingine apite!”

*

Jioni ile waliketi watatu barazani kulijadili jambo hilo. Futi hakuwa mtu wa mpira, hakuwahi kuona wachezaji wakirukaruka kando ya uwanja kabla ya mechi. Dada yake alijua mambo mengi sana, lakini hilo halikuwemo.

“Hebu rudia, alisema vipi hasa?” Futi akauliza.

“Pasha mwili moto. Taratibu, robo saa, mpaka jasho lichuruzike.”

“Basi huyo ni daktari wa kweli,” wifi akasema. “Hawa wengine wanakupa vidonge tu. Wifi, hicho kitu kinaitwa kipandauso, si ndiyo? Kinapanda. Kinapandia wapi?”

“Naona kinaanzia shingoni.”

“Haya! Kinapandia shingoni kwa sababu mwili una baridi. Ukipashwa, kitakuta njia imefungwa.”

Futi aliitazama pasi yake ya mkaa iliyokuwa mezani, akaitazama blanketi iliyoanikwa kwenye kamba, na uso wake ukachangamka. Kwa siku nyingi alikuwa mtu wa kutundika kitambaa dirishani na kungoja. Sasa kulikuwa na kitu cha kufanya kabla, na kilikuwa ndani ya ufundi wake.

“Mama watoto,” akasema, “hili niachie mimi.”

Kesho yake aliamka kabla ya majogoo, akawasha mkaa, akapiga blanketi pasi mpaka ikawa haishikiki, akamviringisha mkewe kuanzia shingoni hadi vidoleni. Wifi akaleta beseni la maji yanayotoa mvuke, akaliweka miguuni pake na kufunika kila kitu kwa shuka. Kutoka ndani ya furushi hilo ilisikika sauti ndogo.

“Baba watoto, nahisi naiva.”

“Robo saa bado.”

“Naomba maji ya kunywa.”

“Thubutu!” wifi akasema. “Maji ya baridi juu ya mwili wa moto? Utapasuka kama glasi. Maji utakunywa ukirudi.”

“Daktari alisema ninywe. Na nile kidogo.”

“Alisema unywe. Hakusema saa ngapi. Na kula ndiyo kabisa, ukimbie na tumbo limejaa?”

Alipofunguliwa alikuwa mwekundu wa macho, nguo zimemganda mwilini. Muda ulikuwa umekwenda, kwa hiyo alikimbia njia nzima mpaka kiwandani, akawasha majiko, akakimbilia uwanjani, akaunganisha na mizunguko iliyokwishaanza. Kichwa siku hiyo hakikusubiri aproni. Kilimkuta akiwa bado uwanjani, na alitapika kwenye pipa la taka mbele ya watu wa ofisini. Mwanamke mmoja wa mapokezi akauliza kwa sauti kama kuna mtu amekula maharage ya juzi.

Nyumbani baraza lilikaa tena. Hakuna aliyemshutumu daktari. Hakuna aliyeishutumu blanketi.

“Hakupashwa vya kutosha,” wifi akatoa hukumu.

“Na mimi nilikuwa nafikiri hivyohivyo,” Futi akasema. “Kesho tunaweka mbili.”

Wiki ile ikaenda namna hiyo. Kadiri mpishi alivyoumwa ndivyo alivyopashwa, na kadiri alivyopashwa ndivyo alivyoumwa. Alikonda uso. Kijiko alipika mara mbili peke yake, na chakula hakikuwa kibaya, na hilo lilimuuma mpishi kuliko kichwa. Lakini kila alfajiri alipomwona mumewe amechutama mbele ya pasi, akipuliza mkaa mpaka majivu yanamjaa kwenye nyusi, alikosa pa kuanzia. Aliinua mikono tu, akaviringishwa.

*

Siku moja kabla ya wageni, mkaa uliisha.

Futi alitikisa gunia, akatoka kwenda kuomba kwa jirani, akakuta jirani bado amelala. Mpishi akasema kwa haraka kidogo kwamba si neno, siku moja haitamuua, akachukua pochi yake na kuondoka huku mumewe akimwomba msamaha mpaka kwenye kona. Njiani alitembea polepole. Kulikuwa na kaubaridi kazuri, na alijihisi kama mtu aliyetoroka shule.

Kiwandani alikuta stoo imefungwa, mtunza funguo hajafika. Hakuna kuni, hakuna moto wa kuwasha. Kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yaanze, mpishi akaenda uwanjani mapema, akakaa kwenye lundo la mbao, akiwaona wenzake wakikusanyika.

Mwalimu akapuliza filimbi. “Haya, jamani! Leo hatukimbii, tunaitunza miguu kwa ajili ya kesho. Tutapasha tu. Robo saa, taratibu. Kila mtu apashe!”

Mpishi aligeuza shingo kutafuta jiko lilipo. Hakuliona. Aliona watu wazima, akiwemo mhasibu, wakizungusha mabega kama wanaovua koti lililobana, kisha wakainua magoti, kisha wakaanza kutembea papo hapo walipo.

“Kijiko,” akaita. “Mnapasha nini?”

“Mwili, mama.”

“Na moto uko wapi?”

Kijiko akasimama, goti moja likiwa bado juu. “Moto gani?”

“Si unapasha? Unapasha kwa nini? Blanketi ziko wapi?”

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Mhasibu alicheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu wa mazoezi, ambaye kwa kazi yake alitakiwa kuwa mkali, aligeuka nyuma na mabega yakawa yanamtetemeka. Aliporudi mbele alikuwa ameshajizuia.

“Mama, kupasha ndiyo huku,” akasema kwa upole. “Unauamsha mwili kidogokidogo, moto unatoka humohumo ndani. Jasho likianza kuchuruzika, ndipo unakimbia. Ukiukurupusha tu, unakasirika. Hujawahi kutuona?”

“Huwa nawasha majiko,” mpishi akasema.

“Ndiyo maana huwa nakuona unaingia moja kwa moja kwenye mbio. Nikadhani umeshapasha nyumbani.”

“Nimepasha nyumbani,” mpishi akasema, na watu wakaanza upya.

Alicheka nao, kwa sababu mtu akichekwa na uwanja mzima afadhali acheke pia. Akainua magoti na wenzake mpaka mwisho. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine kabisa. Alikuwa anaona nyusi zenye majivu.

*

“Nina jambo,” alimwambia mumewe jioni.

Futi alikuwa amepata mkaa. Gunia jipya lilisimama mlangoni, na juu yake kulikuwa na blanketi ya tatu, aliyoiazima. “Kesho ndiyo kesho,” akasema. “Nimepanga tuanze mapema zaidi.”

“Baba watoto, kaa kwanza.”

Alimweleza. Alijitahidi kulieleza kwa mzaha, akamwonyesha mhasibu anavyozungusha mabega, akaigiza sauti yake mwenyewe akiuliza blanketi ziko wapi. Wifi aliyekuwa mlangoni aliguna, akasema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Futi hakucheka. Aliuvua utepe shingoni, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

“Kwa hiyo ulikuwa unaumwa zaidi,” akasema.

“Kidogo tu.”

“Usinifiche. Ulitapika mbele ya watu. Uso umekuisha. Ni mimi.”

“Ni daktari. Angesema vizuri…”

“Daktari alisema vizuri. Mimi ndiye niliyekupiga pasi.”

“Hukunipiga pasi, ulipiga blanketi.”

Alitegemea hapo atatabasamu. Futi aliinuka, akaketi kwenye cherehani, akaanza kushona, na akashona kwa kanyagio bila kusimama mpaka giza likamfuata hapo barazani. Alipokuja kulala alimpa mkewe kisogo. Mpishi akaona ni bora kilio chake akimeze. Kesho yake alihitaji kichwa kizima.

Alipoamka, upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Barazani hakukuwa na mtu, mkaa haujawashwa, blanketi zimekunjwa vizuri moja juu ya nyingine kama bidhaa dukani. Wifi hakujua kaka yake amekwenda wapi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wifi kukiri kwamba kuna kitu hakijui. Mpishi alikula ndizi moja, akanywa maji bilauri nzima bila mtu kumkataza, akatoka. Maji yale hayakuwa na ladha. Alikuwa amezoea kukatazwa.

*

Jikoni Kijiko alikuwa amesimama mbele ya majiko kwa adabu, mikono nyuma. Mpishi aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kiberiti. Alikishika muda mrefu kuliko kiberiti kinavyostahili.

“Utawasha wewe,” akasema. “Sufuria kubwa uanzie moto mdogo. Maharage uyatazame. Usionje sana yakaisha.”

Kijiko alikipokea kwa mikono miwili. “Chumvi nitie?”

“Chumvi usiguse!”

Uwanjani wageni walikuwa wameshapangiwa viti chini ya turubai, na mkurugenzi, mtu mnene mwenye uso wa ucheshi, alikuwa akinywa chai. Meneja alikuwa amevaa suti ya michezo mpya yenye mikunjo ya dukani. Filimbi ikalia. “Tunapasha!”

Mpishi akaanza. Mabega. Shingo. Goti moja, goti la pili. Alikuwa akihesabu kimoyomoyo pamoja na mwalimu, macho mbele, mpaka aliposikia watu wa nyuma wakichekacheka. Aligeuka.

Nje ya uzio wa waya, barabarani, mahali wauza vocha na waendesha baiskeli wanapopita, alisimama mwanamume mwenye utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa akizungusha mabega. Mwalimu alipoinua mkono wa kulia, yeye aliinua wa kushoto. Wenzake walipoinua magoti, yeye aliinama. Waendesha baiskeli wawili walikuwa wamesimama kumtazama, na yeye hakuwajali hata kidogo. Uso wake ulikuwa ule anaouvaa akipima nguo ghali, asiyotaka kuikosea hata kidole.

Meneja akasogea. “Mama, yule ni nani?”

“Ni fundi wangu, bosi.”

“Fundi wa nini?”

“Wa kupasha,” mpishi akasema, na machozi yakamlenga, akayafuta kwa bega huku akilizungusha, hata haikujulikana.

Kisha wakakimbia. Vijana wa mashineni walifyatuka mbele, wa ofisini wakafuata, mpishi akawa wa mwisho kabisa, kwa mwendo ambao bibi mwenye mzigo angeweza kuumudu. Kila mzunguko alipopita karibu na chupa yake ya maji alisimama akanywa. Meneja, akiwa na jicho moja kwa mkurugenzi, alianza kumpungia mikono.

“Kaza, mama! Kaza!”

“Usikaze!” ikaja sauti kutoka kwenye uzio. “Taratibu, mama watoto! Usikaze!”

“Kaza, wageni wanatazama!”

“Watazame! Kwani wamelipa kiingilio?”

Chini ya turubai mkurugenzi aliweka kikombe chini ili asimwage chai kwa kucheka. Mpishi alikuwa katikati ya sauti hizo mbili, moja ikiwa na jiko lake mkononi. Miguu yake ilitaka kutii ya meneja. Miaka yote ilikuwa imezoea kutii ya bosi. Akavuta pumzi, akaendelea taratibu.

Kwenye mzunguko wa mwisho kitu kilimeremeta pembeni mwa jicho lake la kushoto.

Hicho hapo. Alijua kila hatua inayofuata, vinyota, msumari, tumbo, kisha stuli na nailoni mpaka azeeke. Akaendelea polepole akisubiri kupigwa. Kile kitu kikameremeta tena palepale. Akageuza kichwa kwa woga, na kuona gari la mkurugenzi limeegeshwa kando, jua la asubuhi limekaa kwenye kioo chake.

“Mshenzi wewe,” akaliambia gari, akamaliza mbio.

*

Maharage yalikuwa na chumvi. Mchuzi ulikuwa mzito unavyotakiwa, na wali ulisimama punje kwa punje. Mpishi alipakua mwenyewe, kichwa chake kikiwa shwari juu ya shingo, na kila baada ya muda aligusa paji la uso kama mtu anayehakikisha funguo ziko mfukoni. Mkurugenzi aliongezewa. Alipokuwa anasubiri sahani aliuliza kama yule bwana wa kwenye uzio ni mwajiriwa, kwa sababu ndiye pekee aliyeonekana kufurahia mazoezi.

Wageni walipoondoka, meneja alikuja kusimama mlangoni pa jiko. Suti yake ilikuwa bado na mikunjo.

“Umefika wa mwisho, mama.”

“Nimefika, bosi.”

Meneja alitazama sufuria, ambayo ilikuwa imekwanguliwa hadi chini. Alifikiria kitu, labda cha semina, akakiacha.

“Haya,” akasema. “Kesho uwashe jiko mapema, tuna watu wa mashine mpya.”

“Jiko atawasha Kijiko. Mimi nitakuwa napasha.”

Kijiko alisikia, akajipigapiga mfuko wa aproni, ambamo kiberiti kililia kidogo. Jiko lilikuwa bado la mpishi mkuu, lakini sauti ya kile kiberiti ilimfurahisha binti yule siku nzima.

*

Mpishi alipofika nyumbani barazani palikuwa kimya. Cherehani imefunikwa. Chumbani kitambaa cheusi kilikuwa kimetundikwa dirishani, ndoo iko mahali pake, kitambaa chenye maji kwenye sahani, kila kitu tayari kwa ajili ya kichwa chake. Ila kitandani alikuwa amelala Futi mwenyewe, chali, mikono imenyooka pembeni.

“Umerudi,” akasema bila kusogea. “Kimekuja?”

“Hakikuja.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo, baba watoto. Nimepika, wamekula, wamekwangua. Jiko langu.”

Futi alifumba macho. “Basi vizuri,” akasema. “Nilikuandalia chumba endapo nimekosea tena. Nilitaka niinuke nikupokee. Mikono hainyanyuki.”

“Hainyanyuki vipi?”

“Haipandi. Shingo nayo haigeuki. Nilipofika hapa nikajaribu kutunga uzi kwenye sindano, nikashindwa kuifikisha machoni. Mama watoto, yule mwalimu wenu ni muuaji.”

Mpishi alicheka. Alicheka hadi akakaa sakafuni na kuegemea kitanda, na Futi akajaribu kucheka naye akalalamika kwamba mbavu pia zimekamatwa. Wifi alichungulia mlangoni, akasema yeye alijua tu.

Kisha mpishi akatoka barazani. Akatia mkaa kwenye pasi, akawasha, akachutama na kupuliza mpaka majivu yakamrukia usoni. Akachukua blanketi ya juu, akaipiga pasi upande huu na upande huu, akarudi nayo chumbani ikifuka moshi, akaanza kumviringisha mumewe mabegani.

“Taratibu,” Futi akasema, na uso wote ukalegea kwa raha. “Hapo. Hapohapo. Sasa mama watoto, huku ndiko kupasha, au siko?”

“Huku ndiko. Kule ni kwa wenye uwanja.” Akambana blanketi kidevuni. “Nyamaza, robo saa bado.”